Vidaka Thelathini na Kimoja

Nyumba njema ni mlango. Ukishaufungua, usiingie ndani. Wahenga walisema kinyume chake kwa sababu wahenga hawakuwahi kufika kwenye Mamlaka ya Majengo na Mwonekano wa Miji ya Mlimani, yenye makao yake mjini Nyeri. Mlango wa Mamlaka ulikuwa mzuri ajabu. Ulipakwa vanishi kila mwezi wa Juni, na kitasa chake cha shaba kiling'arishwa kila Ijumaa. Mwananchi aliyeridhika na mlango alirudi nyumbani na furaha. Aliyeufungua akaingia, shauri yake.

Si kwamba ndani hamkuwa na kitu. Ndani mlikuwa na makoti.

Januari ya mwaka juzi, Mamlaka ilitangaza kwa ukurasa mzima wa gazeti, mlima ukiwa nyuma ya maandishi na bendera ikiwa mbele yake, kwamba itajenga makao mapya: "jengo la kwanza katika ukanda mzima wa mlima kusanifiwa kisayansi kutokana na mwenendo halisi wa mtumiaji." Sentensi hiyo ilitungwa na Bwana Hezekiah Wamae, Kaimu Mkurugenzi. Aliipenda hata akaikata kwa wembe na kuihifadhi ndani ya Biblia, katika kitabu cha Nehemia, pale watu wanapojenga ukuta.

Neno la kuangaliwa hapo ni Kaimu. Hezekiah alikuwa amekaimu miaka sita. Kwao Othaya, mzee wa kanisa alipomkaribisha kusalimia waumini, alisema, "Sasa tumsikie Kaimu wetu," na watoto wa shule ya Jumapili walidhani ndilo jina alilobatizwa. Kilichomnyima usingizi hakikuwa mshahara. Kilikuwa redio. Kila jioni Hezekiah alisikiliza matangazo ya vifo, si kwa ajili ya marehemu bali kwa ajili ya vyeo vyao. Aliyekuwa mkurugenzi. Aliyekuwa mkaguzi mkuu. Halafu wiki moja alitangazwa mwenzake wa Karatina, na mtangazaji akasema, "aliyekuwa kaimu," akilitamka neno hilo polepole kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali. Hezekiah alizima redio. Angestaafu Desemba ya mwaka uliofuata. Mtu akistaafu kaimu atakufa kaimu, na mtu akifa kaimu atazikwa kaimu, na huko mbinguni haijulikani kama kuna bodi ya kumthibitisha.

Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Kinuthia, alikuwa amemwambia wazi. "Nifungulie hilo jengo bila lalamiko hata moja, Wamae. Siku hiyo hiyo nakuondolea hilo neno."

Ili mambo yaeleweke, ni lazima kwanza taratibu za Mamlaka zieleweke.

Nyeri ni baridi. Mtumishi wa umma kule Mombasa akitundika koti kitini na kuondoka, hamdanganyi mtu: nani anavaa koti Mombasa? Lakini Nyeri, mwezi wa Julai, hakuna binadamu anayeweza kuacha koti lake, akatoka nje, na akabaki hai. Kwa hivyo koti likiwa kitini, mwenyewe yuko karibu. Huo ni ushahidi usiopingika, na juu ya ushahidi huo Mamlaka ilikuwa imesimamisha utumishi wake wote. Kila ofisa alikuwa na makoti mawili: koti la mwili na koti la kiti. La mwili lilienda na mwenyewe shambani, hotelini au kwenye mazishi ya mtu asiyemjua sana. La kiti lilifika kazini saa mbili kamili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja. Halikuchelewa. Halikuugua. Katika mfuko wake wa kulia lilibeba muhuri wa ofisi, kwa sababu kazi za haraka haziwezi kumngoja mtu.

Aliyeyatunza makoti hayo alikuwa Beverlyne, karani wa mapokezi aliyetoka Bungoma miaka tisa kabla na ambaye bado aliiona baridi ya Nyeri kama jambo alilofanyiwa kwa makusudi. Asubuhi aliyapiga brashi. Saa nne aliyageuza kidogo, bega moja likatazama dirisha, ili mwananchi aone kuna uhai.

"Mkurugenzi ako?" aliuliza Mwalimu Nehemiah Kasyoka, siku moja kama siku nyingine. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko milimani Othaya, Mkamba mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amekuja na ramani ya choo. Watoto mia tatu walikuwa wakishiriki vyoo viwili, na wazazi walikuwa wameleta mawe na mbao, lakini hakuna jiwe lingewekwa bila muhuri.

"Ako. Ametoka tu kidogo," alisema Beverlyne. "Si unaona koti?"

"Madam, hii koti nimeiona mara kumi na moja. Sasa hata tukikutana nayo stejini nitaisalimia."

"Keti hapo, Mwalimu. Utaitwa."

"Nitaitwa na nani?"

Beverlyne alifikiri. "Hiyo umeuliza ni swali ya maana," alisema, na kurudi kwenye brashi yake.

Katika ofisi ya namna hiyo ndipo alipoingia Sabirin Abdiaziz, msanifu majengo.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, binti wa mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, na majengo yake yalikuwa yakipigwa picha na wageni. Huko Endarasha alijenga shule ambayo ukuta wake ulipinda kama mgongo wa mtu aliyejikunyata, na upepo wa Kieni ulipofika hapo ulizunguka ukaenda kusumbua wengine. Mtaani Skuta, mstaafu mmoja alimwomba nyumba ya ghorofa yenye nguzo nne za kizungu. Sabirin alimwangalia kwa mwezi mzima, akaona kwamba mzee hulala ndani ya gari lake kumkimbia mkewe, akamjengea vyumba viwili vya kulala vinavyotazamana, katikati ua mdogo wenye maua. Mzee alikasirika wiki moja. Tangu hapo yeye na mkewe hupungiana mkono dirishani kila asubuhi, na inasemekana wamependana.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi. Hakumuuliza mteja anataka nini. Alikaa siku thelathini akihesabu mteja anafanya nini.

"Watu hudanganya, hata bila ubaya," alimwambia Hezekiah siku ya kwanza. "Nyumbani, kabla ya kujenga zizi, tunaangalia ng'ombe analala upande gani. Ng'ombe hatumpi fomu."

Hezekiah alicheka kwa heshima. Alikuwa amekuja ofisini kwa ajili ya mkutano huo, amevaa koti la mwili, na ameegemea koti la kiti, hivyo ungeweza kusema alikuwa amejiegemea mwenyewe. Hakuwahi kukutana na mtu aliyepata tuzo Ulaya. "Hapa utapata kazi rahisi, dada. Niko na maofisa thelathini, pamoja na mimi thelathini na mmoja. Kila mtu kwa kiti yake, saa mbili mpaka saa kumi na moja. Siku kwa siku. Hata ukiamka na wazimu wa kukagua, utawakuta."

"Naweza kuthibitisha?"

"Thibitisha! Kaa siku thelathini. Kaa sitini, wewe ni mgeni wetu." Halafu alitoka kidogo.

Sabirin alikaa. Alikaa kwenye benchi pamoja na wananchi, daftari gotini. Kila saa alipita chumba kwa chumba akaandika. Wiki ya pili alikuja na futi ya fundi cherehani.

"Sasa hapo unapima nini?" aliuliza Beverlyne.

"Watumiaji."

Beverlyne alimtazama. Kisha akatazama koti la Mkurugenzi. Kisha akaenda kufunga mlango, akarudi, akashika ncha moja ya futi. "Ya Mkurugenzi upime pole pole," alisema. "Iko na bega moja imeshuka. Ni ile muhuri inavuta."

Ripoti ilitoka Machi. Hezekiah aliisomea hotelini juu ya chai na mahamri mawili, na kufikia ukurasa wa tisa mahamri yalikuwa yamepoa kwa sababu alikuwa akipangusa macho. Miaka thelathini na mitatu serikalini, na hakuna aliyewahi kuwaandika watu wake hivi. *Watumiaji wa kudumu wa jengo ni thelathini na mmoja. Mahudhurio yao ni asilimia mia moja. Ni watulivu. Hawali ofisini, hawapigi soga, hawapokei simu za nyumbani. Katika siku thelathini hakuna hata mmoja aliyemjibu mwananchi vibaya. Hawajadai chochote. Mahitaji yao pekee ni hewa kavu na ulinzi dhidi ya nondo.*

"Nondo," Hezekiah alijisemea kwa sauti, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa. "Huyu msichana ni mshairi."

Alimpelekea Mwenyekiti nakala siku hiyo hiyo. Ukurasa wa kumi ulihusu Bodi, na wenyewe pia ulikuwa wa heshima: ulisema kwamba wajumbe wote sita huhudhuria kila mkutano kwa saini. Kwa kauli moja Bodi ilitia saini chini ya kila ukurasa, ikithibitisha kwamba ripoti ni "picha kamili na ya kweli ya utendaji wa Mamlaka, na msingi wa kisheria wa ujenzi."

Ramani zenyewe zililetwa Jumanne moja, saa tano asubuhi. Sabirin aliziweka mezani mbele ya koti, akakaa kiti cha mgeni, akangoja dakika ishirini kama utaratibu unavyotaka. Koti halikuwa na pingamizi. Beverlyne aliziangalia ramani kwa muda mrefu, ukurasa baada ya ukurasa, akatoa sauti ndogo puani. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa muhuri, na kuupiga kwa nguvu ambayo hakuwa ameitumia tangu aajiriwe.

Isidhaniwe kwamba Mkurugenzi aliutelekeza ujenzi. Kila Alhamisi gari la Mamlaka lilifika kwenye eneo la kazi, dereva akafungua mlango wa nyuma, akalitoa koti la kiti, akalitundika kwenye jukwaa la mafundi. Msimamizi wa usalama alisema hakuna anayeruhusiwa hapo bila helmeti, basi walilivisha helmeti. Picha ziliingia kwenye taarifa ya kila mwezi. Mafundi walimpenda mkaguzi huyo.

"Huyu ndiye mkubwa," alisema fundi mmoja wa mawe. "Haulizi ati simiti imeenda wapi."

Hezekiah mwenyewe alikuwa Othaya na mbuzi wake wa maziwa, akifanya mazoezi ya hotuba ya kuthibitishwa. Mbuzi walikuwa wameshaisikia mara nyingi.

Jengo lilikamilika Oktoba ya mwaka wa pili, na Ijumaa ya kulifungua mlima ulitoka mawinguni mapema kama mgeni aliyelipiwa nauli. Palikuwa na hema, kwaya, waandishi wa habari watatu, na mfawidhi wa sherehe aliyemtaja Hezekiah kuwa "Mkurugenzi mtarajiwa." Ndani ya mkoba wa Mwenyekiti kulikuwa na barua. Hezekiah alikuwa ameonyeshwa bahasha.

Kwa nje jengo lilikuwa la mviringo, la mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono, paa lake likiinuka upande mmoja kama ukingo wa kofia. Utepe ulikatwa. Wageni waliingia, na mara moja wakanyamaza, kwa sababu kulikuwa na joto.

Ukumbi wa wananchi ulichukua karibu jengo zima. Katikati palikuwa na meko makubwa ya mawe, na moto unawaka. Mabenchi yalikuwa ya vimo vitatu: ya chini kwa nyanya wenye magoti mabaya, ya kati, na ya juu kwa vijana wenye haraka. Dirisha lilitazama mlima. Vyoo vilikuwa kumi na viwili. Juu ya mlango wa kila choo paliandikwa kwa herufi ndogo idadi ya saa ambazo Sabirin alishuhudia watu wakijizuia kwenye benchi la zamani.

"Kazi safi!" alisema Mwenyekiti. "Sasa, Wamae, tupeleke ofisini kwako."

Hezekiah alicheka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama Sabirin.

"Huku," alisema Sabirin.

Aliwaongoza kwenye ukuta wa mashariki. Ukuta ulikuwa umefunikwa kwa mbao za mwerezi zinazonukia, na ndani yake mlikuwa na vidaka thelathini na kimoja. Kila kidaka kilikuwa na upana wa mabega na kina cha shubiri mbili. Kila kimoja kilikuwa na henga ya mti laini, taa yake ndogo, tundu la hewa kavu, na kibao cha jina. Cha juu kabisa, chenye upana wa ziada upande mmoja kwa ajili ya bega lililoshuka, kiliandikwa: MKURUGENZI. Ndani yake, limetulia, limepigwa brashi, lilitundikwa koti la kiti. Lilikaa kama lililozaliwa humo.

Kwaya, ambayo haikuona kilichokuwa mbele, iliendelea kuimba.

"Hii ni nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ofisi, Mheshimiwa. Thelathini na moja. Kwa vipimo."

"Mimi naona kabati!"

"Ni jengo la mtumiaji halisi. Ukurasa wa tisa."

Hezekiah alisogea kati ya kidaka na Mwenyekiti. "Dada Sabirin," alisema kwa upole wa mtu anayezungumza na mbwa asiyemjua, "pengine wewe hukuelewa. Hizi ni makoti. Makoti si watu."

"Basi watu walikuwa wapi?"

Waandishi watatu walifungua madaftari. Nyuma ya wageni, wananchi walikuwa wameanza kuingia na kukaa karibu na moto. Maofisa thelathini walitazama viatu. Hezekiah alipiga hesabu. Akisema watu walikuwa ndani, mbona hawakupimwa? Akisema hawakuwa ndani, taarifa zake za miaka sita ni hadithi za sungura. 

Kisha, kwa sababu mtu akikosa la kusema hufanya, alijaribu kuingia. Alipanda ngazi ndogo, akalisogeza koti, akajipenyeza kiubavu. Mguu mmoja uliingia. Tumbo lilikataa. Picha hiyo baadaye ilisambaa hadi kwa Wasomali wa Nanyuki, kwao Sabirin, ambao hawana kesi na mtu, na hata wao walicheka.

"Shuka, Wamae," alisema Mwenyekiti. Akamgeukia Sabirin, shingo imevimba. "Na chumba cha Bodi? Ama pia sisi umetutundika?"

"Hapana, Mheshimiwa. Bodi haina makoti." Sabirin alivuta kishikizo kidogo cha shaba karibu na mlango. Droo ilitoka. Ilikuwa imebandikwa kitambaa kizuri cha kijani, na ndani yake kulikuwa na kitabu cha mahudhurio na kalamu sita. "Kitabu ndicho kilichoingia ofisini. Kililetwa na dereva na kurudishwa na dereva. Nilikipima kikiwa kimefungwa."

Wajumbe sita wa Bodi waliitazama droo. Mmoja wao, inasemekana, aliuliza kwa sauti ya chini kama ina kufuli.

Mwenyekiti Kinuthia hakuwa mjinga. Alipiga hesabu ile ile ambayo Hezekiah alikuwa ameipiga, akafika pale pale. Alimgeukia mfawidhi wa sherehe, akatabasamu kwa meno yote. "Endelea na programu," alisema. Bahasha haikutoka mkobani.

Jumatatu, maofisa thelathini na mmoja walifika kazini na kutundika makoti yao. Kisha wakagundua kwamba jengo la zamani lilikuwa limeshapangishwa kwa duka la magodoro, na kwamba waandishi walikuwa bado mlangoni wakingoja kuona nani anatoka. Hapakuwa na pa kwenda wala pa kukaa, isipokuwa kwenye mabenchi, kati ya wananchi. Ukikaa ubavuni mwa mtu mwenye faili gotini, na moto unawaka, na hamna meza kati yenu, hatimaye atakuonyesha lile faili. Hakuna sayansi itakayolizuia.

Aliyemkalia Hezekiah ubavuni alikuwa Mwalimu Nehemiah.

"Ndio wewe?" aliuliza Mwalimu, akimchunguza. "Nilidhani wewe ni mwembamba."

Hezekiah alichukua ramani ya choo. Alikuwa na hakika kwamba jambo lililochukua miaka miwili lingekuwa na kurasa nyingi. Ilikuwa na ukurasa mmoja. Aliisoma mara mbili, akitafuta kilichobaki, akamwomba Beverlyne muhuri. Dakika tisa. Mwalimu aliipokea kwa mikono yote miwili, akasahau kuaga.

Kwa wiki tatu ilikuwa hivyo. Mafaili mia mbili na kumi na mawili yalipita. Jambo hilo liliishtua Bodi kiasi kwamba iliundwa Kamati ya Uchunguzi na Majuto, Mheshimiwa Kinuthia akiwa mwenyekiti wake pia. Kamati ilitafuta mahali pa kukutana, na kwa kuwa katika jengo zima palikuwa na ukumbi mmoja tu wa kutosha wanadamu, ilikutana hapo, karibu na meko. Wananchi hawakuona sababu ya kuondoka. Nyanya mmoja wa Mweiga aliwasogezea wajumbe benchi la chini, wakakaa magoti yamegusa videvu.

Sabirin aliitwa mbele, na Mwenyekiti akamsomea barua iliyokwisha kuchapishwa. "'Mimi, msanifu wa jengo, naomba radhi bila masharti kwa kukosea kumtambua mtumiaji.' Ni sentensi moja. Tia saini hapa. Ripoti itafutwa, jengo litakarabatiwa, tujengewe ofisi zenye milango. Na huyu mzee," alimwonyesha Hezekiah, "atathibitishwa leo hii. Barua yake ni hii."

Aliitoa bahasha, akaiweka gotini ili wote waione.

"Na nisipotia?" aliuliza Sabirin.

"Usipotia, ripoti ni ya kweli. Ikiwa ripoti ni ya kweli, basi aliyekuwa kwenye kiti cha Mkurugenzi miaka sita siye huyu. Sitaweza kumthibitisha mtu ambaye hakuwepo."

"Kwani si mthibitishe ile koti?" aliuliza nyanya wa Mweiga. "Si ndiyo ilikuwa inakuja?"

Ukumbi ulicheka. Mjumbe mmoja wa Kamati alicheka pia, akakumbuka droo, akaacha.

"Na hao wa kalamu sita," alisema mtu kutoka benchi la juu, "wao wanalipwa na nani ka hawakujangi?"

"Kimya!" alisema Mwenyekiti, lakini ni vigumu kuamuru watu ukiwa na magoti kidevuni.

Hezekiah aliinuka. Alimwendea Sabirin, akainama karibu na sikio lake. Hakuna aliyemtuma, na hakuwa na hotuba. Ile ya mbuzi haikumfaa hapa. "Mwanangu," alisema, "niko na siku arobaini na mbili tu. Wewe ni kijana, utajenga mengine mia. Mimi sitaki kitu kikubwa. Sitaki tu nisomwe kwa redio ati kaimu. Neno moja. Hata ukiandika bila kumaanisha, mimi sitakuuliza."

Sabirin alimgeukia. Uso wake ulilainika, na Hezekiah aliiona nafasi hiyo, na moyo wake ulipiga kama wa mtu anayesikia jina lake likiitwa.

"Mzee Wamae," alisema, "hizi wiki tatu nimehesabu pia. Umekaa hapa siku kumi na tano kati ya kumi na tano. Nikiulizwa leo nani anatumia hili jengo, nitakuandika wa kwanza, na nitakujengea kiti hapo karibu na moto, kwa vipimo vyako, tumbo na vyote. Hiyo naweza. Lakini siwezi kuandika kwamba ulikuwepo miaka ile sita. Watoto wa Mwalimu walikuwa wanajua haukuwepo."

Hezekiah alirudi kwenye benchi lake. Mwanamke mwenye faili la kijani alikuwa amemwekea nafasi.

Mwenyekiti alinyoosha kalamu. Nyuma yake wajumbe watano walikuwa wamejisogeza mbele, kila mmoja na droo yake moyoni. "Dada, tafadhali. Angalau kwa heshima. Tumekuja wote hapa, mbele ya wananchi. Umetuaibisha. Huoni hata haya kumwangalia huyu mzee?"

"Nimemwonea huruma," alisema Sabirin. "Kwenu nyinyi hata hiyo sina."

"Kwa hivyo unakataa?"

Sabirin alikunja ile barua mara mbili, akamrudishia, akavuta kitambaa chake cha kichwa kikakaa sawa.

"Nilipima nilichokikuta," alisema. "Sikukosea hata inchi moja. Siombi msamaha."